Daktari aliuliza, mama akaniambia nijibu hapana

Shikamoo Mama,

Dada mmoja wa kanisani ndiye anayetutumia safu yako kwenye kundi la WhatsApp. Huwa nasoma matatizo ya wenzangu na kuendelea na shughuli zangu. Leo na mimi nimefika.

Nina miaka 31, nimeolewa, nina binti mmoja, naishi Kentucky, Marekani. Kwetu ni Kongo, kijiji cha ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kusini ya Uvira, si mbali na Makobola. Tulivuka ziwa siku za mwanzo za Januari 1999, mimi nikiwa na miaka minne. Ninachokumbuka ni boti ya mashine, usiku, harufu ya petroli, na kiganja cha mama kimenibana mdomo hadi meno yakauma. Baba hakuwamo. Alikuwa ameondoka Agosti 1998, vita vya pili vilipoanza, akasema anakwenda Kalemie na atarudi kutuchukua. Hakurudi, na hakuna aliyetuambia kama alikufa.

Kigoma walitupokea, wakatupeleka kambi ya Lugufu. Huko ndiko nilikokulia: unga wa mgao na mbaazi za njano, shule ya Kifaransa chini ya turubai, na ukitaka kutoka nje ya kambi lazima uwe na kibali. Mdogo wetu wa mwisho alizaliwa hukohuko, mwishoni mwa Septemba 1999. Mama alimpa jina la babu, yaani baba yake yeye mama. Mwaka 2007 majina yetu yakatoka, tukaja huku watu watano.

Mimi ndiye mkubwa, na Kiingereza kilinikaa haraka, kwa hiyo tangu nina miaka 13 nimekuwa mdomo wa mama. Nimemtafsiria kwa mwenye nyumba, benki, kiwanda cha kuku alikofanya kazi, na barua za kudaiwa nauli ya ndege iliyotuleta. Mwalimu akimlalamikia mdogo wangu, mimi ndiye niliyekaa katikati nikimweleza mama utundu wa mtoto wake. Mwaka huu nilimsomea barua ya mama mdogo aliyebaki kambi ya Nyarugusu, Tanzania, kwamba kesi yake ya kuja huku imesimamishwa tangu Januari 2025 pamoja na za wengine wengi. Mama aliniangalia kama vile mimi ndiye niliyeisimamisha.

Tangu waasi walipouteka mji wa Goma, huko kwetu mashariki mwa Kongo, halafu Bukavu mwezi uliofuata, mama halali. Usiku kucha yuko kwenye simu anatazama video. Ana maumivu ya chini ya kitovu, ya miaka mingi, nayo yamezidi. Nikampeleka kliniki. Mapokezi wakauliza kama anahitaji mkalimani, kabla sijajibu yule dada akasema, "Si upo wewe?" Tukaingia.

Daktari, mwanamume, mpole, akauliza amebeba mimba ngapi. Mama akasema sita. Mimi nawajua watoto wanne. Nikatafsiri sita. Akauliza kama amewahi kulazimishwa na mtu kimwili. Nikashindwa kulisema hivyo mbele ya mama yangu. Nikasema, "Anauliza kama kuna mtu alishakuumiza." Mama akatazama viatu vyake muda mrefu, akasema, "Mwambie hapana." Nikamwambia hapana. Daktari akaandika.

Tangu siku hiyo mama hataki kurudi kliniki, na nyumbani kwangu haji. Nikipiga simu anaongea na mjukuu wake tu. Na mimi usiku nimekaa nimehesabu miezi: Agosti baba kaondoka, Januari tumevuka, Septemba mdogo wangu kazaliwa. Usinilazimishe kuandika zaidi ya hapo.

Kuna jambo jingine, sijui kama linahusika. Kwenye makaratasi mama amezaliwa tarehe 1 Januari, kama wazee wengi waliotoka kambini bila kujua tarehe zao. Kila mwaka siku hiyo tunampelekea keki. Anakata, anatulisha, halafu anafunga mapazia na kwenda kulala mchana kweupe. Tulikuwa tunasema mama hapendi sherehe.

Naomba unijibu: nimuulize? Nimwambie daktari ninachokiwaza? Mdogo wangu ana haki ya kujua? Wenzangu wanasema niache mambo ya kale. Wao hawakuwamo kile chumba.

Mkalimani, Kentucky

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na kliniki, maana hiyo ndiyo yenye haraka. Yule dada wa mapokezi alifanya jambo ambalo sheria ya huko haimruhusu. Hospitali au kliniki inayopokea fedha za serikali kuu ya Marekani, na karibu zote zinazotibu watu wa Medicaid na Medicare, zile bima za afya za serikali, zimo humo, inatakiwa kumpatia mgonjwa asiyejua Kiingereza mkalimani aliyefuzu, bila malipo. Jambo hilo linatokana na Sheria ya Haki za Raia ya 1964, na sheria ya bima ya afya ya 2010 ikakaza zaidi: mgonjwa haambiwi aje na mkalimani wake, na mtoto mdogo hatumiki kutafsiri isipokuwa kwa dharura. Ndugu mtu mzima anaweza kusaidia, lakini mgonjwa mwenyewe ndiye aseme anamtaka. Mama yako hakuulizwa. Uliulizwa wewe, na hata wewe hukusubiriwa ujibu.

Kwa hiyo piga simu kliniki kabla ya miadi mingine yoyote. Omba mkalimani mwanamke, wa simu au wa video, anayekijua Kiswahili cha Kongo. Kama mama yuko huru zaidi kwa Kibembe au lugha nyingine ya nyumbani, omba hiyo. Inaweza kuchukua siku kadhaa kumpata mtu, subiri. Sisitiza awe mtu wa jimbo jingine. Najua miji yenu hiyo: mkalimani wa Kiswahili anayekuja hospitali kwa miguu yake ndiye anayeimba kwaya na mama Jumapili. Hata akiwa mwaminifu kiasi gani, mama atamwona madhabahuni na atakumbuka alichomwambia. Omba na daktari mwanamke. Wakimpangia tarehe, mpeleke, mshike mkono hadi mlangoni, halafu ukae nje.

Unaniuliza kama umwambie daktari unachokiwaza. Hapana. Mwambie kitu kimoja tu, kwa maandishi ili kiingie kwenye rekodi: kwamba majibu ya siku ile yalipita kwa binti wa mgonjwa, na unaomba maswali yaulizwe upya wewe ukiwa haupo. Daktari mzoefu atakuelewa bila kuongezewa neno. Maumivu ya chini ya kitovu ya miaka mingi ni ya kupimwa na kutibiwa, na mama anaweza kusaidiwa hata kama hatataja jina la mtu wala tarehe.

Sasa tuje kwenye kumuuliza.

Umeandika kama mtu anayeamini kwamba mama yake hajawahi kulisema jambo hili kwa kiumbe yeyote. Mimi nadhani amelisema, tena zaidi ya mara moja. Familia haitoki Lugufu ikafika Kentucky kwa bahati nasibu. Mama wa watoto wanne asiye na mume, UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ilikuwa na fungu lake maalumu, la wanawake walio hatarini. Ili kesi isonge, mtu mzima alihojiwa na UNHCR wenyewe, kisha na ofisi iliyoandaa makaratasi kwa niaba ya Marekani, kisha na afisa wa uhamiaji wa Marekani aliyesafiri hadi huko. Wote wanauliza yaleyale: ulikimbia nini, ulifanyiwa nini, na nani, lini. Na maelezo yakipishana, kesi inakwama. Jaribu kukumbuka siku ambazo nyie watoto mliachwa kwenye benchi nje na mama akatoka amejifuta uso. Huenda mlipandishwa ndege kwa sababu mwanamke yule alikubali kukaa mbele ya wageni na kusema kila kitu.

Ndiyo maana simwoni kama mtu aliyekosa namna ya kusema. Alichagua wa kuwaambia, na watoto wake hakuwaweka kwenye orodha. Kule kliniki, baada ya miaka yote ya kukuacha kwenye benchi, ghafla ukawa ndani, na wewe ndiye unayeuliza. Fikiria alikuwa na majibu gani. Akisema ndiyo, wewe ndiye utakayelitamka kwa Kiingereza. Aliona ni afadhali akose matibabu.

Usimuulize, basi. Na ukishawishika kwenda kuomba faili lake la uhamiaji ili usome kimyakimya (najua watu wanafanya), tambua kwamba faili hilo ni lake, na saini inayotakiwa ni yake.

Ila kutouliza si kununa. Mwendee. Usiende na mume wala mtoto safari ya kwanza. Nunua sombe (kisamvu) na dagaa kwenye lile duka lenu la vyakula vya nyumbani, ingia jikoni kwake, shika kisu. Mkiwa mmeinamia kazi, mwambie maneno mafupi: "Mama, siku ile kliniki hukupaswa kuongea kupitia mimi. Nimewaambia. Ukienda tena kutakuwa na mama mwingine kwenye simu, hakujui, na mimi nitakuwa nje." Kisha nyamaza, ongelea chumvi. Akikujibu, vizuri. Asipokujibu, amesikia. Mama wa Kivu Kusini hahitaji kuelezwa mara mbili kwamba mlango uko wazi.

Kama anapenda kumsikiliza Daktari Mukwege, mwekee mazungumzo yake siku moja mkiwa mnapika. Huyu alikuwa mkuu wa hospitali ya Lemera, huko kwenu Uvira, iliposhambuliwa Oktoba 1996 na wagonjwa wakauawa vitandani. Baadaye akaanzisha hospitali ya Panzi, Bukavu, mwaka 1999, mwaka uleule mliovuka, na akapata Tuzo ya Nobel ya Amani 2018. Panzi hawatibu mwili peke yake. Mwanamke anapata daktari, mtu wa kuzungumza naye, mwanasheria akitaka, na msaada wa kuanza tena kujitafutia riziki. Kumsikia mwanamume wa kwao, daktari na mchungaji, akiyataja mambo haya hadharani bila kumwonea haya mwanamke kunaweza kufanya kazi ambayo maswali yako hayataifanya. Usitoe maoni. Mwache asikilize.

Mdogo wako. Hesabu yako ya miezi iishie kwako, hata mumeo usimpe. Huenda ni kweli, huenda kuna jambo usilolijua kuhusu safari ya baba yako. Mtoto wa miaka minne hajui nani aligonga mlango usiku wa manane. Lakini tuseme ni kweli. Ulinitajia kwa kupita tu kwamba mama alimpa jina la baba yake mzazi. Mimi niliishi Kigoma miaka ile, nimeona wanawake walioshuka kwenye boti pale Kibirizi, ufukweni mwa Kigoma, na mimba ambazo hawakuzitaka, na nimesikia majina waliyoyatoa kambini: Mateso, Shida, na mengine siyaandiki. Mama yako alikuwa na kila sababu ya kuchagua mojawapo. Badala yake akachukua jina la heshima kuliko yote aliyokuwa nayo, la baba yake, akamvika mtoto huyo. Swali la mtoto ni wa nani alilijibu Septemba 1999, na halisubiri mchango wako.

Kijana ana miaka 26. Iko siku anaweza kuuliza. Akikuuliza wewe usimdanganye. Mwambie, "Hilo muulize mama," na usibadilike uso. Hasa uso. Watu wa nyumba moja hujuana kwa macho, na kama tayari umeanza kumwangalia tofauti mezani, hapo ndipo utakapomuumiza, kabla hujafungua mdomo.

Nimekukataza mengi. Sasa kuna swali moja ambalo ni lako kabisa, ulilipitia haraka kwenye barua kana kwamba halina uzito: baba yako. Wewe ni mtoto wake. Kutaka kujua kama mtu aliyeondoka kwenda Kalemie mwaka 1998 yu hai au amekufa si kumchimba mama. Msalaba Mwekundu wana huduma ya kutafuta ndugu waliopotezana kwa vita, ya bure, na Msalaba Mwekundu wa Marekani wanapokea maombi wakayapeleka kwa wenzao wa Kongo. Huchukua muda mrefu, na mara nyingi jibu ni kwamba hakuna jibu. Lakini mwambie mama kabla hujajaza fomu, asije akaletewa habari za mumewe na mgeni. Usiombe ruhusa, mpe taarifa, kwa adabu. Nadhani ataelewa, na huenda hata jina kamili la babu wa upande huo na kijiji chake atakupa yeye, maana fomu itataka.

Keki. Makobola waliuawa watu kwa mamia kati ya mwisho wa Desemba 1998 na siku ya mwaka mpya, na tarehe hiyohiyo karani wa kambini akampa mama yako kuwa siku ya kuzaliwa. Hakuna aliyekusudia ubaya; tarehe moja Januari waliandikiwa maelfu. Lakini mwanamke huyu amekata keki siku hiyo mwaka baada ya mwaka, fataki zinalia nje, kwa sababu watoto wake walikuwa na furaha. Mwaka huu msimpelekee. Mwambie kwamba hamjui tarehe yake ya kweli na mngependa achague nyingine, yoyote, hata siku aliyopata uraia au siku aliyozaliwa mjukuu. Ile ya kwenye makaratasi ibaki kwenye makaratasi, msiiguse, kubadilisha tarehe ya kuzaliwa huko ni safari ya wanasheria. Na usiku wa fataki mmoja wenu akalale kwake, bila kutoa sababu.

Simu yake usimnyang'anye. Goma na Bukavu ni kwao, ana haki ya kujua kinachoendelea. Ila hakikisha zile video za kwenye makundi hazijipakui zenyewe, kwa sababu mtu anafungua salamu za asubuhi anakutana na maiti. Hiyo inazimwa kwa dakika moja, na habari za redio zinatosha kumpa taarifa bila picha. Mama mdogo apigiwe simu na wote wanne kwa zamu, isiwe kila mara mama na wewe peke yenu mnaopokea kilio cha Nyarugusu.

Na wewe? Ulikuwa kwenye boti ile. Watu wanaozungumzia vita vya Kivu huwahesabu akina mama, na ni haki yao, lakini mtoto aliyezibwa mdomo ili asiwaponze wote alivuka naye, kisha akapewa kazi ya kuongea kwa niaba ya nyumba nzima akiwa na miaka 13. Ulilia wapi? Sikuona mahali popote kwenye barua yako. Bima yako ya kazini inaweza kuwa inalipia mshauri wa kisaikolojia. Uliza idara ya wafanyakazi, si lazima useme kwa nini. Mpe yeye kwanza mambo ya chumba kile, kwa Kiingereza ukipenda, lugha ambayo mama haimo.

Kazi ya ukalimani punguza yote, isiwe ya hospitali tu. Benki nyingine zina wakalimani wa simu zikiombwa, shule nazo. Mdogo wako wa pili na wa tatu wamekulia hukohuko, Kiingereza chao kizima. Barua za mwenye nyumba wachukue wao. Watakuambia mama amezoea nawe. Amezoea kwa sababu hakupewa mwingine.

Kesho piga ile simu ya kliniki. Wakikujibu kwamba huduma ya mkalimani hawana, usibishane na mapokezi, omba jina la msimamizi anayeshughulikia malalamiko ya wagonjwa, kisha niandikie. Barua ya kumpelekea nitakusaidia kuiandika.